Dakika Kumi na Nane

Saa nane na nusu usiku orodha inafungwa,
na huku Kadutu umeme umetuaga tangu magharibi.
Simu imebaki na asilimia kumi na moja.
Nimeipunguza mwanga hadi inamulika pua yangu tu.

Timu yangu haina uwanja wala jezi.
Ni majina kumi niliyoyachagua mwezi wa kumi
nyuma ya cherehani, pamoja na Zihalirwa, Mushagalusa
na Cirhuza wa duka la dawa,
kila mtu na daftari lake, kila mtu na uongo wake.
Wao wanacheza kikapu ng'ambo, sisi Bukavu tunaokota pointi zao
kama watoto chini ya mparachichi wa jirani.
Atakayeshindwa atanunua sambaza za wote.

Namba tano wangu, yule mrefu wa kutisha,
aliumia kifundo cha mguu wiki tisa zilizopita.
Wiki tisa nimemweka benchi, nikimtunza kama suti ya arusi.
Leo wameandika: yupo, atacheza,
ila dakika kumi na nane, zisizidi.

Kwenye nafasi yake amekaa Mlithuania mmoja,
pointi kumi na moja, ribaundi sita, kila usiku,
bila kukosa, kama mshahara wa mwalimu –
hapana, mshahara wa mwalimu unakosa.
Kama kengele ya kanisa, basi.

Nikapiga hesabu nyuma ya vipimo vya suruali ya mteja.
Gawanya dakika kwa mbili.
Toa woga wa kuruka.
Toa usiku wa kwanza, mguu unapokumbuka kabla ya kichwa.
Ongeza hasira ya mtu aliyetazama wenzake wiki tisa.
Hasira haina safu katika daftari.

Hesabu hii niliwahi kuifanya.
Mwaka juzi Nsimire aliteleza kwenye ngazi za udongo
zinazoshuka sokoni, beseni la nyanya kichwani.
Nyanya zilifika chini kabla yake.
Plasta wiki sita. Ya saba, ada ya shule ikabisha hodi.
Nikamwambia, mbona unatembea vizuri.
Nikamwambia, nusu siku tu.
Alikwenda. Jioni kifundo kilikuwa kimeumuka kama unga wa mandazi,
na plasta ya pili ilikula miezi mitatu.
Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema.
Sawa. Lakini mwenye kovu mwenyewe hasemi kitu,
anavaa viatu.

Nilidhani amelala.
"Bado unamtesa yule mrefu?"
"Wamesema yuko tayari."
"Nani kasema? Yeye, au wanaomlipa?"
Akageukia ukuta, akavuta blanketi lote upande wake.

Nikamwacha benchi.
Nikambakiza Mlithuania na kengele yake.
Simu ikazimika ikiwa mkononi mwangu.

Asubuhi, kwa Cirhuza, kwenye jenereta, nikasoma:
dakika kumi na saba, pointi ishirini na sita,
na mara moja alining'inia kwenye ringi
kama mtu anayeanika shati.
Nimeshindwa kwa pointi mbili na nusu.
Zihalirwa amenipigia kunicheka hadi unite zikamwishia.

Mvua imenyesha usiku kucha.
Nsimire anashuka sokoni, mkono mmoja ukutani,
mguu wa kushoto kwanza, daima wa kushoto.
Beseni nalibeba mimi hadi pale ngazi zinapovunjika,
halafu ananinyang'anya.
"Rudi kwenye cherehani. Watu wanataka suruali zao."

Sijarudi.
Nimesimama, viatu vimejaa tope,
namhesabia ngazi.